Viti Vilivyosafiri Vimefungwa

Mama Zaituni haipendi simu. Huishika mbali na sikio kama mtu anayeogopa kuungua, na hupaza sauti kana kwamba maneno yake yatatembea kwa miguu kutoka Beni hadi Butembo. Kwa hiyo nilipomsikia Jumanne ile akisema polepole, nilijua kabla hajamaliza. "Professeur," alisema, maana katika uwanja wao hakuna aliyewahi kuniita Kavira, "muzee ametuacha. Tumemuzika jana. Njo. Kuko kintu chako huku." Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, na watu wazima kumi na wawili wanaojifunza Kiingereza kwangu wakinitazama. Niliwaambia wafungue ukurasa wowote. Mimi, ambaye somo la saa moja hulitayarisha kwa saa nne, niliwaambia ukurasa wowote, nikatoka nje nikasimama karibu na pipa la maji, nikalia nikiwa bado nimeshika chaki. Baadaye nilijiuliza ni kitu gani changu kilichobaki katika uwanja ule baada ya miaka kumi na moja. Nilidhani ni moja ya madaftari yangu, na hata katika huzuni ile nilipata aibu: niliogopa mtu asije akawa ameona makosa yangu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa risasi. Sisemi hivyo kwa mbwembwe. Risasi tulizisikia mara kwa mara upande wa juu wa mji, tukajifunza kulala chini. Lakini kwa kukosea mbele ya watu sikuwa nimepata mahali pa kulala. Nilikuwa nimemaliza shule, chuo kikuu hakikuwezekana, nikaamua kujifundisha Kiingereza mwenyewe ili siku moja niwe mkalimani. Kamusi niliinunua Butembo kwa mtu aliyeuza vitabu vya zamani pamoja na kufuli na miwani. Haikuwa na jalada, wala herufi A yote; ilianza ndani ya B. Njia yangu ilikuwa hii: kila neno niliandike kwenye daftari pamoja na maana zake zote na asili yake, kwa wino, bila kufuta. Nikikosea herufi moja, nachana ukurasa. Nikichana kurasa tatu, naanza daftari jipya tangu mwanzo. Ndiyo maana baada ya miezi mitano bado nilikuwa kwenye B. Sikuwa nimemwambia binadamu yeyote sentensi moja ya Kiingereza. Nilijiambia nitasema nikifika Z.

Nilikaa Beni kwa shangazi yangu, Tantine Masika, aliyeuza vitenge sokoni na kupanga vyumba viwili katika uwanja wa Papa Athumani na mkewe, Mama Zaituni. Chumba changu kilikuwa na kitanda, sanduku, na dirisha dogo lililofunguka moja kwa moja juu ya kazi ya Papa. Alikuwa fundi wa viti vya kekele, zile fimbo ndefu za mmea utambaao msituni zinazoletwa kutoka upande wa Mabalako zikiwa zimefungwa juu ya pikipiki, ncha zinaburura barabarani kama mikia. Alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu aliyoyachana kila asubuhi kwa kioo cha pikipiki. Hakujua kusoma, na alikuwa na hakika ya mambo mengi yasiyo kweli. "Anglais ilitokea Kampala," aliniambia siku ya kwanza. Nikamwambia hapana, Papa, ni Uingereza. "Uingereza iko wapi? Nani hapa alishafikaka kule? Kampala miye nilifika." Akaniangalia kwa huruma. "Soma, soma, Professeur. Utaona."

Ukuta kati ya chumba changu na jikoni yao ulikuwa wa mbao zilizoachana, hivyo harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi, iliingia kwangu kabla ya mwaliko, na maneno yao vilevile. Mchana mmoja, nikiwa nimeinamia daftari, nilisikia Mama Zaituni akisema huku akisonga bugali: "Kale katoto kanasomaka anglais na mudomo umefungwa. Donc, atakisema siku gani?" Papa akajibu, "Siku ya kiyama. Malaika atamuuliza jina, atasema, patienta kwanza, niko natafuta mu B." Walicheka hadi mwiko ukaanguka. Kisha Mama Zaituni akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa nije kula, nikaenda, nikala bila kuinua macho, na Papa akanisogezea kipande kikubwa cha samaki kama mtu anayelipa faini. Nilikasirika siku mbili. Leo ningetoa vingi kusikia tena mwiko ule ukianguka.

Mwezi huo nilikwama kwenye neno moja, bend. Lilikuwa neno dogo la kila siku, nilidhani litachukua mistari mitatu. Lilichukua kurasa nne. Ni kupinda fimbo, ni kona ya barabara au ya mto, ni kupiga goti, ni kuinama, ni kulegeza sheria kidogo bila kuivunja, ni kuelekeza nguvu zote kwenye kazi moja, kwa mabaharia, ni fundo la kuunganisha kamba mbili, na juu ya ngao za wakubwa wa zamani, ni mstari unaokatiza kutoka pembe hadi pembe. Mwishoni, kwa herufi ndogo sana, kamusi ilisema kwamba hapo kale neno hilo lilikuwa la kufunga, kukaza kamba kwenye upinde, na kwamba ni ndugu wa maneno ya kamba na kifungo. Hapo ndipo nilipochana kurasa. Sikuona njia kati ya kufunga na kupinda. Mtu anafunga mbuzi, mzigo, mlango, lakini mbuzi hapindiki. Nilifikiri kamusi imekosea, na kamusi ikikosea, mimi nishike nini?

Nikamwuliza Papa Athumani kupitia dirishani, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu sikuheshimu jibu lake vya kutosha kuliogopa. Alikuwa na kekele juu ya moto wa makaa, anaizungusha taratibu mpaka ncha yake ikatoa jasho. "Upinde wa bale bawindaji ba kule Mabalako uliuona?" aliuliza. "Ule muti, peke yake, uko namna gani?" Nikasema umenyooka. "Basi. Muti haujipindaka. Kamba ndiyo inaupinda. Kata kamba, unarudia fimbo ya kuchungia mbuzi." Akaitoa kekele motoni, akaizungusha kwenye kibao chake chenye misumari mikubwa, ikawa mkono wa kiti, na kabla haijapoa akaikaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akivivuta kwa meno. Vipande vile vilikuwa vyeusi, vyenye viraka na gundi, vibaya mno. "Kupinda ni kazi ya moto," alisema, mpira bado mdomoni. "Kubakia ni kazi ya kufunga." Nililiandika daftarini, kwa mwandiko mzuri. Kuliandika nililiandika. Kulielewa ni jambo lingine.

Wiki hiyo alikuja mama mmoja kutoka Kampala, mfanyabiashara mnene, mchangamfu, mwenye kilemba cha manjano, aliyekuwa amefuata mzigo wake Beni. Alisema Kiingereza na Kiganda tu. Alikuwa ameona viti vya Papa mbele ya duka moja, akataka sita kwa ajili ya sherehe ya binti yake, siku wakwe watakapokuja kujitambulisha. Papa alinipungia mkono kwa fahari: "Professeur! Kazi yako imefika." Nikatoka na daftari. Yule mama akasema maneno, nikayaelewa, karibu yote. Na nilipofungua mdomo, hakikutoka kitu. Niliona makosa yamepanga mstari kooni, kila moja linasubiri zamu. Nikamwonyesha kwa kidole asubiri, nikakaa chini, nikaandika jibu la Papa kwa Kiingereza, nikalisahihisha, nikalinakili upya, nikampa asome. Alisoma, akaniangalia, akaandika naye chini yake, kwa upole wa mtu anayedhani mwenzake ni bubu. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana: viti sita, Ijumaa ya wiki iliyofuata, lori lake likiondoka Jumamosi asubuhi na msafara.

Sasa naandika sehemu ambayo nimeianza mara tisa. Papa alikuwa amesema jambo moja zaidi: "Umuambie, kekele itafika mwisho wa wiki, donc biti bitatoka bikiwa bado bimefungwa. Asifungue mbele ya siku kumi kuisha. Asicheke ubaya yake." Nilitaka kuliandika. Lakini sikuwa na neno la vile vipande vya mpira. Nilipekua kamusi, sikulipata, na nilichopata hakikunipendeza. Yule mama alikuwa anatazama saa. Basi niliruka. Niliacha sentensi nzima, kwa sababu ya neno moja ambalo lingeweza kuwa si sahihi kabisa, na Papa aliponiuliza, "Umemuambia yote?" nikaitikia kwa kichwa: yote.

Kekele zilichelewa kweli. Barabara ya Mabalako ilifungwa siku tatu. Zilipofika, Papa alifanya kazi kutoka alfajiri hadi magharibi, na kufikia Alhamisi viti sita vilisimama uwanjani, migongo na mikono imepindwa vizuri, na kila kiti kimezungushwa mipira myeusi kama mtu aliyetoka hospitali. Niliviangalia kutoka dirishani kwangu nikapata joto la uso. Yule mama atakuja, ataona matambara haya, hakuna aliyemwambia. Ataniuliza kwa nini. Nitaandika nini? Ijumaa saa saba Papa alivaa kanzu akaenda msikitini, Mama Zaituni akaenda kununua mkaa, Tantine alikuwa sokoni. Nikachukua wembe. Nilikata mipira yote, kiti kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu nisikwaruze. Chini yake palikuwa na alama za masizi, nikachota maji ya Omo na kitambaa, nikavisugua vyote hadi vikang'aa, nikavipanga juani kwa mstari ulionyooka. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilirudi nyuma hatua tano kuvitazama na nikajisikia, kwa mara ya kwanza mwaka ule, kwamba nimemaliza kitu bila kosa.

Vilianza taratibu. Kwanza nilidhani ni kivuli. Mkono wa kiti cha pili ulikuwa umefunguka kidogo, kama mtu anayejinyoosha. Kisha mgongo wa kwanza ukatoa mlio mdogo, msumari ukachomoka. Nikaukamata, nikausukuma ndani, nilipouachia, ukarudi. Nilikimbia kutoka kiti hadi kiti, nikibana hiki, kile kinafunguka, na hivyo ndivyo Papa Athumani alivyonikuta: nimekumbatia kiti, mikono imelowa sabuni, na vingine vitano vinanyooka polepole juani. Hakupiga kelele. Alivua kofia yake akaishika. "Nani alifungua?" Nikasema, "Ni miye, Papa." Akatazama povu chini. "Na ulibiosha." "Nilibiosha." "Na maji." "Na Omo." Akafunga macho. "Omo," akarudia, kama mtu anayetaja jina la adui ambaye hakumtegemea.

Mlango wa uwanja ukagongwa wakati uleule. Yule mama aliingia akitabasamu, kilemba safari hii cha kijani, na tabasamu likabaki nusu. Akauliza, kwa Kiingereza, ni nini hiki. Nikamwona Papa akinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, haraka: "Sikia. Umuambie ni mvua. Mvua ilipiga usiku, mafundi hatukuona. Kosa ni yangu. Ataniwazia miye mubaya, haina neno, miye niko muzee. Wewe ungali na kutafuta kazi hapa mujini." Alikuwa fundi anayejulikana Beni nzima kwa viti visivyolegea. Sifa hiyo ndiyo aliyokuwa ananipa, bila hata kuketi. Nilitazama daftari langu. Lilikuwa juu ya ndoo, limelowa, wino umetiririka. Mikono yangu ilishika kiti. Hapakuwa na namna ya kuandika.

Nikasema. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, kwamba ni mimi. Nilisema nakata, badala ya nilikata. Nilisema mimi ninaosha, mzee hapana. Nilichanganya jana na kesho. Nilimwambia kwamba wiki iliyopita mzee alinipa neno la kumpa, nikalificha kwa kuwa sikulijua vizuri. Kwamba viti hivi vilipaswa kufika kwake vimefungwa, na vibaya kutazama, na afungue baada ya siku kumi. Kwamba bend bila kamba ni fimbo ya mbuzi. Hilo la mbuzi lilimshangaza. Kila sentensi ilikuwa na kosa, niliyasikia yote yakipita, moja baada ya jingine, na nikaendelea. Nilipomaliza nilikuwa bado nimekumbatia kile kiti. Papa hakuelewa neno, lakini alielewa kwamba hakuna mvua inayochukua muda mrefu namna hiyo kuelezwa. "Umesema nini?" Nikamwambia, "Kweli." Akashika kichwa. "Ee, huyu mutoto."

Yule mama akasogea karibu nami. "Kumbe una sauti," alisema. Kisha akauliza kama moto upo. Nikamtafsiria Papa. Papa akamtazama kutoka kilemba hadi viatu, akasema, "Muulize kama anajua kuvuta." Yule mama akasema amezaa watoto saba, kuvuta anajua. Basi alasiri ile yote, Mama Zaituni aliporudi na mkaa wakati hasa ulipohitajika, tulikuwa wanne kuzunguka moto mmoja. Papa anapasha, anapinda, mimi nashikilia, mama wa Kampala anavuta mpira kwa mikono miwili hadi uso unamwiva, Mama Zaituni anafunga fundo na kuongea bila kupumzika. "Muambie huku bibi-harusi hakaliaka kiti, anakaliaka mukeka." Nilimwambia. "Anasema kwao pia, viti ni vya wakwe." "Muambie basi wakwe bake bakikaa bibaya, si kosa yetu." Nilitafsiri, nikakosea, wakacheka kwa lugha mbili. Mikononi mwangu nilisikia kekele ya moto ikitaka kunyooka, ikisukuma, ikisukuma, na kila mzunguko wa mpira ukiituliza. Sikuwa na haja tena ya kuuliza kamusi ilipata wapi maneno yake.

Viti vitano vilikubali. Cha sita, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekauka kwa jua na sabuni. Ulipasuka kidogo na ukakaa upande, hata ulipofungwa. Jumamosi asubuhi lori liliondoka na vitano, vyeusi kwa mipira, na mimi nilisimama pembeni nikimrudia yule mama kwa sauti, mbele ya dereva na watu wote: siku kumi, usifungue. Wiki tatu baadaye dereva alishusha kwetu mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na mipira yote ya vile viti vitano, imesafishwa, imekusanywa kwa fundo moja. Hakukuwa na barua. Papa alivihesabu vipande, akasema, "Huyu mama ni fundi." Mwisho wa mwaka nilirudi Butembo. Kamusi nimewahi kuifikisha hadi kwenye D.

Nilifika Beni Alhamisi, siku mbili baada ya ile simu, mlango ukiwa wazi na viatu vya waombolezaji vimejaa kizingitini. Mama Zaituni alinikumbatia shingoni. Tulikula sombe kwenye sinia moja na mabinti zake, na mtu fulani akasimulia habari ya Omo, na nikagundua kwamba uwanja mzima unaijua, hata watoto waliozaliwa baadaye. Kisha Mama Zaituni akanipeleka nyuma ya chumba. Kile kitu changu hakikuwa daftari. Kilikuwa kiti cha sita, mkono wa kushoto umekaa upande, na mipira ya siku ile bado imefungwa. "Alikikaliaka kila magharibi," alisema. "Batu balimuuliza, muzee, juu ya nini haufungue hii matambara? Anasema, hapana, iko ya Professeur. Yeye ndiye atafungua. Nikamuambia, mais siku kumi ziliisha zamani! Anasema, za kiti ziliisha. Za yeye bado."

Nilikileta Butembo juu ya gari, nimekifunga mwenyewe. Nakiri kwamba nilipokitua darasani, kitu cha kwanza nilichokiona ni ubaya wa ile mipira, na kitu cha kwanza nilichokifanya ni kutafuta wembe. Sikuhitaji. Nilipougusa mpira kwa kidole ulimeguka wenyewe, mkavu, ukaanguka vipande vipande kama makaka ya yai, wa kwanza, wa pili, yote. Nikarudi nyuma hatua tano, kama siku ile, nikasubiri. Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia na walisimama wakisubiri nami, bila kujua tunasubiri nini. Mkono ule uliopinda upande haukusogea. Nikakaa.